Koti Moja la Mtaa Mzima

Hellena anasema hakuna mkono wa mtu uliomgusa Mzee Yusto. Ndivyo anavyosimulia bombani, ndivyo alivyosimulia kwa askari waliokuja kuandika maelezo, na akipata msikilizaji mgeni anaongeza chumvi. Anasema mzee alipanda paani mwenyewe, kwa akili zake timamu, ili ang'oe kile kisanduku cha mtandao na kuficha ushahidi. Bati lilikuwa na umande, akateleza, akaangukia rundo la matofali. Mkono ukavunjika, mbavu zikavunjika, meno ya mbele yakabaki vumbini. Watu walikuwepo, ndiyo, hilo hakatai, lakini walikuja kusaidia. Na ile pombe ya msiba iliyomwagika? Hiyo ilipinduliwa na watu waliokuwa wakikimbilia kumwokoa mzee wa watu.

"Sasa mtu akianguka mwenyewe, lazima atafutwe wa kulaumiwa?" Hellena humaliza hivyo, huku akijifunga upya kitenge chake.

Gaudiosa amemsikia kila alipopita pale akitoka hospitali kufuata vitu nyumbani, na hajawahi kumkatiza. Umande saa tisa mchana, mwezi wa saba, jua limekausha hata matope ya bombani! Yeye ni binti wa Mzee Yusto. Siku hiyo alikuwa palepale uani, mwiko mkononi. Aliona ngazi ilikotokea. Ilitokea upande wa pili wa ua, kwa Hellena, na aliyeibeba begani ni mume wa Hellena.

Lakini ngazi ilikuja mwishoni. Mambo yalianza na koti.

Fundi Flavian ana duka la vocha na vifaa vya simu Katandala, na juu ya duka amesimamisha bomba refu lenye antena. Kutoka hapo huwarushia watu mtandao mpaka huku Izia, ambako nyumba zinaanza kuachana, mashamba ya mahindi yakiingia katikati. Anayetaka hufungiwa kisanduku cheupe kwenye ukingo wa paa. Mama yake Gaudiosa, marehemu Mariana, alikuwa wa kwanza katika safu yao. Dada yake alihamia Kirando kufanya biashara ya dagaa, na Mariana alitaka kumwona sura anapoongea naye, si kusikia sauti tu kama ya mtu aliyejifungia chooni.

Siku ya kufunga, Mariana aliuliza inakuwaje watu wote hao wasigongane huko angani. Flavian hupenda kueleza mambo. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema kila anayeingia mtandaoni lazima aonekane kwa namba. Namba za zamani zilitengenezwa chache, hakuna aliyedhani dunia nzima itakuja kushika simu, na sasa zimekwisha. Yeye mwenyewe alipewa moja tu.

"Moja kwa mtaa wote?" Mariana akashangaa.

"Moja, mama. Ni kama familia yenye koti moja, na baridi hii ya kwetu. Yeyote anayetoka nje anatoka na koti lilelile. Huko anakokwenda wanaona koti, sura hawaioni."

"Na wewe unamwona?"

"Namwona anapopita. Baada ya hapo nasahau. Wanaoingia na kutoka ni wengi, mama, siwezi kuwaweka wote kichwani."

Namba mpya zimeshakuja, akaendelea. Hizo ni nyingi kuliko punje za ulezi wa Ufipa yote, kila nyumba itapata koti lake. Tatizo ni kuhama. Kisanduku cha zamani hakizijui namba mpya, lazima kibadilishwe, na ukishamaliza kimoja unahamia kingine. Na huko nje nako wanahama kwa mwendo wa kinyonga.

Miaka ikapita. Flavian alikuwa akionekana na ngazi yake leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mwanzoni mwa mwaka huu presha ikamwangusha Mariana akiwa jikoni, hakuinuka tena, na nyumba ya Yusto ikawa ndiyo iliyobaki peke yake na kisanduku cha zamani.

Flavian alikuja na nyundo na misumari yake. Mzee Yusto akamzuia mlangoni. Katika ukoo wao, nyumba iliyofiwa haigongwi msumari mpaka pombe ya kumaliza msiba ipikwe, inywewe, na marehemu aagwe aende zake. Kugonga kabla ya hapo ni kumpigilia marehemu ndani.

"Mke wangu bado yumo humu," mzee alisema. "Subiri ulezi ukomae. Tukimpikia pombe yake, njoo ugonge utakavyo."

Flavian akaondoka. Akarudi baada ya Pasaka, akaondoka. Akarudi tena mvua zilipokatika.

"Mzee, ni nyie tu mnaonikwamisha," akalalamika. "Mtaa mzima umehama. Nyumba hii ikihama, kile kisanduku cha zamani pale kwangu, kile chenye taa nyekundu, nakizima moja kwa moja nipumzike."

"Utapumzika. Wewe bado kijana, una haraka ya kupumzika ya nini?"

Gaudiosa alicheka siku hiyo. Alikijua kile chenye taa nyekundu. Mara kwa mara mama yake alikuwa akimtuma dukani kwa Flavian kununua vocha, naye alipenda kusimama akitazama vile visanduku viwili vilivyofungwa chini ya bomba, kimoja taa yake nyekundu, kingine ya kijani. Jioni, watu wakirudi majumbani na kushika simu zao, taa zilikuwa zinapepesa haraka haraka. Asubuhi, watu wakiwa shambani, zilipepesa kwa uvivu.

Sasa Sayi. Sayi ana bucha karibu na wanapoegesha bodaboda. Alikuja kutoka Usukumani na ng'ombe wa baba yake, akaoa hapahapa, akamwoa Rhoda, na Rhoda ndiye aliyekuwa akikaa dirishani kupokea fedha, maana Sayi mikono yake haikauki damu. Siku ya msiba wa mama yake, Gaudiosa alinunua nyama pale. Kufika nyumbani, nyama ikawa inanuka. Akairudisha, na kwa uchungu aliokuwa nao akaitupa juu ya meza mbele ya wateja.

"Kaka Sayi, hii nyama ilitangulia kufa kabla ya mama yangu."

Vijana wa bodaboda waliangua kicheko mpaka wengine wakashikilia vioo vya pikipiki zao. Sayi hakubisha. Alimpa nyama nyingine, akaongeza maini, akasema pole, na kesho yake alikuja kuzika. Kati yao yaliisha. Lakini maneno yale yalibaki mtaani. Mtu akiumwa tumbo, anaulizwa kama amekula nyama iliyotangulia.

Basi, mwezi wa sita katikati, katika tovuti moja ya habari za mji, mtu asiye na jina akaandika kwamba Sayi anachinja ng'ombe wa kufa, na kwamba watoto wawili wa Katandala wamekwisha kufa kwa kula nyama yake. Hakuna mtoto aliyekuwa amekufa. Hadi leo hakuna aliyetaja jina la mtoto hata mmoja. Lakini kufikia mchana bucha ilikuwa imezungukwa. Wakavunja kioo. Wakamvuta ng'ombe aliyening'inia kwenye ndoano wakamburuza barabarani, wakammwagia mafuta ya taa wakamchoma. Jiwe moja likapita dirishani likamkuta Rhoda anakusanya fedha kwenye sanduku ili akimbie. Likaingia jicho la kulia. Waliomwona wanasema hakulia. Aliinama tu, kama mtu aliyedondosha sindano, damu ikawa inatiririka kati ya vidole juu ya noti.

Hospitali wakaliondoa lile jicho.

Sayi alikaa kimya mpaka mkewe akarudi nyumbani. Kisha akachukua panga la kuchinjia, akawachukua na ndugu zake wawili, akaenda kwa mwenye tovuti. Yule, alipoona panga limelazwa juu ya meza yake, alifungua kompyuta bila kuombwa mara ya pili. Jina hana, akasema, lakini namba alikotokea mwandishi hii hapa. Akaitafuta palepale mbele yao, ikatoka kuwa ya mnara wa Flavian.

Wakamkuta Flavian anakunywa chai dukani. Wakafunga mlango kwa ndani. Walioko nje walisikia redio ikifunguliwa kwa sauti kubwa, kwaya ikaimba, na chini ya kwaya sauti ya mtu. Walichukua plaizi yake mwenyewe, ile anayokatia nyaya, wakaanza na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kila walipouliza ni nani, Flavian alisema namba hiyo ni ya watu wengi. Kila aliposema hivyo, plaizi ikabana. Walipofika kidole cha tatu, ndipo alipopiga kelele iliyoshinda redio.

"Wengine wameshahama! Wana namba zao! Iliyobaki kwenye hiyo ni nyumba moja!"

"Ya nani?"

Akasema.

Na walipotoka, barabarani, kila mtu akawa hodari wa hesabu. Nyumba moja tu imebaki na namba ya zamani. Kwa nini ikatae kuhama miezi yote hiyo? Anayekataa kuhama ana kitu anaficha. Na humo ndani kuna nani mwenye simu? Si yule binti aliyemtukania Sayi nyama yake mbele ya watu?

Uani kwa Mzee Yusto, siku hiyo Gaudiosa alikuwa anapika pombe ya mama yake. Ulezi walivuna, wakaotesha kimea, wakakianika, wakasaga. Pipa lilikuwa juu ya mafiga makubwa, linachemka taratibu, naye anakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na moto, amevaa sweta na koti juu yake, anachonga mpini. Jumamosi watu wangekuja, mama angeagwa.

Walipoingia walikuwa kundi. Sayi mbele, aproni ya bucha bado kiunoni.

"Shikamoo, mzee," Sayi akasema.

"Marahaba, baba. Karibu. Ila panga uliache mlangoni. Nyumba hii ina msiba."

"Msiba hata mimi ninao, mzee. Wangu umekaa usoni kwa mke wangu." Sauti yake haikupanda. "Mwenye simu humu ni nani?"

Gaudiosa akafungua mdomo. Baba yake akamtangulia.

"Simu ni yangu."

Mmoja wa ndugu zake Sayi akacheka. "Yako? Wewe Jumapili nimekuona umeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu."

"Nimesema ni yangu. Na niliyeandika ni mimi. Nyama yako ilinuka msibani kwa mke wangu, ikaniuma, nikaandika."

"Baba!" Gaudiosa akapiga kelele. "Anadanganya! Hajui hata kuandika jina lake, muulizeni mtu yeyote! Na mimi sikuandika, nawaapia kwa kaburi la mama, sikuandika!"

"Nyamaza wewe," mzee akasema bila kugeuka. "Koroga pombe, itaungua."

Ngumi ikamkuta Gaudiosa shavuni kabla hajamwona aliyeirusha. Alianguka chini ya pipa, sikio linapiga kama kengele. Akaona miguu. Viatu vya mabuti, ndala, miguu mitupu, na yote ikielekea upande mmoja. Alisikia fimbo ikitua mgongoni kwa baba yake, sauti nzito kama ya gunia linalopigwa kutolewa vumbi, na baba yake akisema ah, ah, kwa kila fimbo, taratibu, kama anayekubaliana na mtu katika mazungumzo.

"Muueni basi yaishe!" sauti ya mwanamke ikapaa nyuma ya ua.

"Hapana," Sayi akasema. "Akitoe kwanza kile kidude. Alikiweka mwenyewe, akitoe mwenyewe."

Hapo ndipo ngazi ilipokuja kutoka kwa Hellena. Wakamsimamisha mzee, wakamsukumiza juu, damu inamtoka puani inadondokea vipandio. Kijana mmoja akapanda nyuma yake na nyundo. Mzee hakwenda kwenye kisanduku. Alifika paani akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya bati, na midomo yake ikawa inacheza. Wale wa chini wakadhani anawalaani, wakaanza kumrushia mawe. Gaudiosa alijua anaongea na nani.

Yule kijana akapiga kisanduku. Nyundo iliyokatazwa tangu msiba uingie ikalia juu ya nyumba, paa, paa, paa, bati likaitikia mpaka chumbani alikolala mama. Kisanduku kikapasuka, kikaning'inia kwa waya wake. Mzee akanyoosha mkono kumshika yule kijana mguu.

"Mwanangu, usigonge. Usigonge, mama yupo ndani."

Nyundo ikashuka kwenye mkono ule, juu kidogo ya kiwiko. Gaudiosa aliusikia mfupa. Ikashuka tena. Kisha kijana akamsukuma kwa mguu, kama mtu anayeondoa gunia njiani, na mzee akaserereka juu ya bati, kucha zikikwaruza, akaangukia matofali yaliyopangwa kwa ajili ya kujengea kaburi.

Hawakumwacha pale chini. Walimpiga mateke mpaka akaacha kujikunja. Gaudiosa alijitupa juu yake, wakampiga na yeye, mgongoni, kiunoni, mtu akamvuta nywele akamrusha. Sayi hakupiga. Alikuwa amesimama kando na panga lake, anatazama kama mtu anayepima nyama kwa macho. Mwishowe akalikaribia pipa, akaliwekea mguu, akalisukuma. Pombe ya Mariana ikamwagika uani, ya moto, yenye povu, ikamkuta Gaudiosa miguuni. Ngozi ya nyayo ikatoka pamoja na ndala. Ikaenda mpaka chini ya baba yake, ikachanganyika na damu, ikawa tope.

"Basi," Sayi akasema. Wakatoka.

Mzee Yusto amelazwa wiki ya nne sasa. Askari walikuja, wakauliza, wakataka shahidi. Mtaa mzima ulikuwa bafuni siku hiyo, au sokoni, au kanisani. Hellena peke yake ndiye aliyeona, na aliyoona ndiyo hayo ya umande.

Gaudiosa hulala chini ya kitanda cha baba yake, miguu imefungwa bendeji. Juzi Sayi alikuja wodini. Alikuja na Rhoda, amemshika mkono, kitambaa cheupe kimefunika upande wa kulia wa uso. Wakakaa kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu. Sayi akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akampa mkewe vipande, mmoja baada ya mwingine, mpaka likaisha. Kisha akasema, kwa sauti ya kumuuliza mgonjwa hali:

"Mkono ule, mzee, nimeuhesabia kioo cha bucha. Jicho bado. Nasikia unatoka Ijumaa. Nitakuwa getini."

"Kaka Sayi," Gaudiosa akasema, "unamwona huyu mzee ameandika?"

"Amesema mwenyewe ni yeye. Kama si yeye, ni wewe. Namba imeingia nyumba yenu, haikuingia nyingine. Mimi sichagui. Nyie chagueni."

Rhoda aligeuza uso wote ili jicho lake moja limwone Gaudiosa. Lilimtazama kwa muda, halina hasira, halina huruma. "Twende," akamwambia mumewe. "Kunanuka dawa."

Walipoondoka mzee akafumbua macho. Meno hayapo, maneno yanatoka na upepo.

"Usije ukathubutu kusema si mimi."

"Baba, watakutoboa jicho!"

"Mimi nimeshaona vya kutosha. Wewe bado." Akafumba macho tena. "Na pombe ya mama yako nani atapika ukiwa kipofu?"

Leo ni Alhamisi. Mchana Gaudiosa alitoka hospitali kwenda nyumbani kumchukulia baba yake nguo za kuvaa kesho. Miguu haijapona vizuri, akawa anatembea kwa kisigino, anapumzika, anatembea. Njia inapita Katandala, mbele ya duka la Flavian. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro upande wa pili wa barabara apumzishe miguu, na kwa mazoea akatazama juu, kwenye bomba.

Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Na nyekundu ilikuwa inawaka.

Alidhani amechoka. Akafikicha macho. Nyekundu ilikuwa inapepesa haraka haraka, kama jioni, watu wakiwa wamejaa.

Alikaa pale kwa muda mrefu. Kisanduku chao kimepasuka, kimeshadondoka uani, yeye mwenyewe alikipita asubuhi moja alipokwenda kuchukua shuka. Kama walikuwa wamebaki wao tu na namba ya zamani, sasa humo ndani anapita nani?

Akavuka barabara.

Flavian alikuwa peke yake nyuma ya kaunta. Mkono wa kulia umefungwa vibao na bendeji, vidole vitatu vimenyooka kama vya mtu anayebariki. Kikombe cha chai mbele yake. Alipomwona Gaudiosa, aliinuka nusu, akakaa.

"Pole, dada. Nilitaka kuja hospitali..."

"Kile chekundu hukukizima."

"Bado," Flavian akasema.

"Ulisema tukihama sisi unakizima. Sisi tumeshahama, Flavian. Tumehamishwa kwa nyundo. Humo anapita nani?"

Nje pikipiki ilipita na muziki wake. Flavian akasubiri ipite yote.

"Kaa," akasema.

"Nimekaa mtaroni vya kutosha. Nani?"

"Wote," Flavian akasema. "Wanapita wote, dada. Wenye namba mpya wanazitumia kule zinakojulikana. Lakini kuna sehemu nyingi huko nje bado ni za zamani, hazijahama, hazizijui namba mpya kabisa. Ukienda huko, hata kama umeshahama, unatoka na lile koti la zamani. Mnara unakuvalisha wenyewe."

"Na ile tovuti?"

"Ya zamani."

"Kwa hiyo aliyeandika..."

"Anaweza kuwa yeyote. Nyumba yoyote kati ya ninazorushia. Mume wa Hellena aliyebeba ngazi. Yule kijana wa nyundo, kwao nimefunga mimi. Hata mimi hapa." Akaangalia vidole vyake. "Sikusema uongo. Nilisema nusu. Nilisema ni ya watu wengi, wakabana. Nikasema ni ya watu wengi, wakabana. Mfupa ulipokatika nikasema kile walichotaka, kwamba ni nyumba moja. Wakaacha. Wewe hujui inavyokuwa wakiacha."

Gaudiosa alimtazama. Hakuwa na nguvu ya kumchukia. Alikuwa amesikia mfupa wa baba yake, alijua sauti hiyo ikoje, na kama angekuwa yeye ndani ya duka hili, kwaya ikiimba, hajui angetaja nyumba ya nani.

"Baba anatoka kesho asubuhi," akasema. "Sayi atakuwa getini na ndugu zake. Amesema jicho. La baba au langu, tuchague. Mimi nikimwambia hayo uliyonieleza atasema natafuta pa kutokea. Wewe ndiye fundi, na wewe ndiye uliyesema mwanzo. Bucha iko hapo mbele, hata mimi na miguu hii nafika. Twende sasa hivi. Umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, usiongeze, usipunguze."

"Nikimwambia ni wote," Flavian akanong'ona, "unajua ataanza na nani?"

"Najua."

Kijana mmoja akaingiza kichwa dirishani. "Fundi, mambo? Nipe vocha ya buku."

Flavian akatafuta vocha kwa mkono wa kushoto, akaiangusha, akaiokota, akampa. Kijana akaangalia miguu ya Gaudiosa, akaangalia pembeni, akaondoka akikwangua vocha kwa ukucha. Juu yao taa nyekundu ilizidi kupepesa.

"Flavian," Gaudiosa akasema. "Nakuomba. Tutaenda?"

Flavian akachukua kikombe kwa mkono wake mzima, akakipeleka mdomoni. Kikombe kilikuwa kitupu. Yeye akaendelea kunywa.